Ulipaji wa mishahara, sheria za majimbo (Marekani)

Sheria za majimbo za ulipaji wa mishahara ni kanuni zinazomwelekeza mwajiri kuhusu muda na namna ya kuwalipa wafanyakazi, nazo hukamilisha sheria ya shirikisho ya mwaka 1938, ambayo iliweka kima cha chini cha mshahara na malipo ya saa za ziada bila kutaja mshahara ulipwe kila baada ya siku ngapi. Katika California, wafanyakazi walio wengi hulipwa angalau mara mbili kwa mwezi na hupewa hati ya mshahara, yaani karatasi inayoonyesha ujira, makato na kiasi kinachobaki. Anayeachishwa kazi hulipwa stahiki zake papo hapo, na mwajiri anayezichelewesha kwa makusudi humlipa ujira wa siku kwa kila siku iliyopita, hadi siku 30.