Sauti moja: gitaa la Robert Fripp lilipojificha ndani ya saksafoni

Kwenye kwaya neno "sauti moja" halimsumbui mtu. Mwalimu anasema, "Ubeti wa kwanza sauti moja, kiitikio sauti nne," na soprano, alto, tena na besi wote wanashika tuni ileile mpaka kiitikio kiwatawanye. Wanaume wanaimba oktava moja chini ya wanawake, lakini hesabu haibadiliki: ni sauti moja. Wasomi wa muziki huiita unisoni, na wanakwaya wetu hawajawahi kuhitaji neno hilo.

Ugumu huja waimbaji wanaponyamaza na kuviachia vyombo. Nilikwama hapo nikijaribu kueleza kwa Kiswahili kazi ya mpiga gitaa Robert Fripp katika In the Court of the Crimson King, albamu ya kwanza ya kundi la Uingereza la King Crimson, iliyotoka Oktoba 1969. (Nilikwama pia kwenye jina la muziki wenyewe, progressive rock. "Roki endelevu" inanuka mradi wa kupanda miti, na "roki ya maendeleo" ni hotuba ya bajeti. Nimeandika roki ya progresivu, basi.)

Mazoea hutufundisha kumpima mpiga gitaa kwa solo zake na kwa nyimbo alizotunga. Kwa kipimo hicho Fripp anapata kidogo. Albamu ina nyimbo tano: mbili ni za wenzake Ian McDonald na Peter Sinfield, na tatu zina majina ya kundi zima. Hakuna hata moja ya Fripp peke yake. Na kinachotanda zaidi masikioni ni Mellotron ya McDonald, kile kinanda ambacho kila kitufe chake huamsha utepe wenye sauti iliyorekodiwa.

Solo ipo, tena kali, katikati ya "21st Century Schizoid Man". Inaanza kwa noti ndefu zinazovutwa kama king'ora, mbali kabisa na bluzi waliyoipenda wapiga gitaa wengi wa London wakati ule. Lakini sikiliza kinachokuja baada ya solo. Gitaa, saksafoni na besi vinarusha pamoja vifungu vifupi vya noti za mbio, vinakatika ghafla, kimya, vinarusha tena. Sikio linatafuta gitaa liko wapi na halilipati. Limeingia ndani ya saksafoni.

Si jambo la kutokea lenyewe. Mpiga saksafoni ana pumzi. Noti yake hudumu kadiri anavyoipuliza. Uzi wa gitaa huanza kufa mara tu unapochapwa. Fripp, anayejulikana kwa kupiga akiwa ameketi, alijizoeza kuchapa kila noti kwa piki, chini na juu kwa zamu, ili mwanzo wa noti uwe wazi kama ulimi wa mpulizaji unapogusa mdomo wa saksafoni. Kisha mkwaruzo wa umeme unairefusha sauti ya uzi na kuipa ukali wa shaba. Vyombo viwili vya asili tofauti vinakutana katikati ya njia.

Kwa hiyo tuseme "sauti moja" hapa pia? Kuna anayepinga: "kwa sauti moja", magazetini, ni wajumbe waliokubaliana bila mabishano. Mimi naona pingamizi hilo linaisaidia istilahi, haliiangushi: vyombo hivi navyo vimekubaliana bila mabishano. Kiswahili husema sauti ya fidla na sauti ya mtu bila kubagua, kwa hiyo vyombo havidai neno jipya. Tahadhari yangu ni nyingine. Msomaji wa pwani atakumbuka taarabu, ambako fidla, kanuni na akodiani hufuata tuni moja, lakini kila mpigaji akiipamba kwa nakshi zake. Fidla inateleza pale kanuni inapotetema. Ule ni mwandamano, watu wa njia moja na kila mmoja na mwendo wake. King Crimson hawakuacha nafasi ya nakshi. Mmoja akichelewa nukta, kila mtu anasikia ufa. Ningependa tuziweke mbali istilahi hizi mbili: sauti moja kwa wale wasioachana hata kidogo, mwandamano wa tuni kwa wanaopamba na kupamba tena juu ya tuni ileile.

Anabaki Michael Giles na ngoma zake. Katika vile vifungu vya mbio anapiga kila noti wanayopiga wenzake, lakini ngoma haibebi tuni, na mwalimu wa kwaya angemtoa mstarini. Kwake "sauti moja" ni uongo kidogo. Ningesema wote wanne wana pigo moja, na watatu kati yao wana sauti moja.