Pembe za Maniema na Mpandaji wa Msitu

Historia ya Maniema tumezoea kuisikia kama habari za watu tu: habari za misafara na watumwa, za Tippu Tip, za vita vya 1892 hadi 1894, na za uasi wa 1964. Yote hayo ni kweli, na yatupasa kuyajua. Lakini katika habari hizo yumo mmoja aliyesahauliwa, ingawa misafara ile ilikuja kwa ajili yake. Huyo ndiye tembo. Watu hukumbuka pembe zake tu. Hawaulizi: alipokuwa hai alifanya kazi gani porini? Na alipoondolewa, nani aliishika kazi yake? Leo na tuitazame historia yetu kwa upande wa msitu.

Pembe zaleta wageni

Hapo kale wenyeji wa Maniema waliwinda tembo kwa mashimo, kwa mitego na kwa mikuki, nao walitaka hasa nyama yake. Pembe hazikuwa mali kubwa kwao. Lakini ng'ambo ya bahari, katika Ulaya na Marekani, matajiri walizidi kupenda piano, mchezo wa biliadi, vitana na vipini vizuri vya visu, na vitu hivyo vilitengenezwa kwa pembe. Karibu na pwani tembo walikuwa wamekwisha kupungua. Basi wafanya biashara wa Unguja wakaingia bara zaidi na zaidi: kutoka Bagamoyo mpaka Tabora, kutoka Tabora mpaka Ujiji, halafu wakavuka Ziwa Tanganyika. Katika miaka ya 1860 walikwisha kufika Maniema.

Livingstone aliingia nchi hii mwaka 1869, akakaa siku nyingi Kabambare, na mwaka 1871 akafika Nyangwe penye soko kubwa la Lualaba. Tarehe 15 Julai mwaka ule aliona kwa macho yake watu wa misafara wakipiga bunduki katikati ya soko. Mamia walikufa, wengi wao wanawake, wengine kwa risasi, wengine kwa kuzama mtoni. Tippu Tip, ambaye jina lake hasa ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi, alifanya makao yake Kasongo, na Stanley alikutana naye mwaka 1876. Mwaka 1887 alikubali kuwa liwali wa Mfalme Leopold II huko Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo.

Pembe kubwa ilikuwa mzigo wa mtu mzima, na safari ya kwenda pwani ilichukua miezi mingi. Kwa hiyo biashara ya pembe na biashara ya watumwa zilikwenda pamoja. Hata lugha yetu hii ya Kiswahili ilifika Maniema kwa njia hiyo hiyo ya pembe.

Mwaka 1893 majeshi ya Leopold yaliteka Nyangwe, kisha Kasongo. Je, biashara ya pembe ilikoma? Hata kidogo! Iligeuza njia tu. Pembe zilizokuwa zikienda mashariki mpaka Unguja sasa zilishuka mtoni mpaka bahari ya magharibi, zikauzwa Antwerpen katika Ubelgiji. Bendera ilibadilika, lakini kwa tembo bunduki ilikuwa ni ile ile.

Kazi ya tembo porini

Sasa tuje kwenye swali letu. Tembo wa msitu hupenda sana matunda. Huokota tunda zima na kulimeza pamoja na mbegu zake. Mbegu hukaa tumboni siku moja, mbili au zaidi, na wakati huo tembo anatembea. Kisha huziangusha mbali na mti uliozizaa, ndani ya samadi yenye unyevu na rutuba. Hivyo amechukua mbegu, ameipanda, na ameitilia mbolea, yote kwa mara moja.

Wataalamu waliowafuata tembo katika misitu ya Kongo-Brazzaville walieleza mwaka 2009 kwamba mbegu nyingi walizozimeza zilipelekwa zaidi ya kilometa moja, na chache ziliweza kufika hata kilometa 57. Tena waliona mbegu za aina zaidi ya 90 za mimea katika samadi yao. Yako matunda yenye mbegu kubwa mno, hata tumbili na ndege hawawezi kuimeza. Yako mengine yenye ganda gumu kama ubao, na tembo peke yake ana nguvu ya kuyavunja. Miti ya namna hiyo ina mchukuzi mmoja tu. Mbegu zake zikianguka chini ya mama yake, nyingi huliwa na wadudu na panya, au huchipua kivulini na kufa.

Viumbe vyashikana

Lakini msidhani kwamba tembo hufanya kazi peke yake. Msitu ni kama kijiji: mhunzi, mvuvi na mkulima kila mmoja ana kazi yake, wala hawezi kuishi bila wenziwe. Popo huruka usiku na mbegu ndogo za mvule, akaziangusha mahali penye mwanga. Hondohondo hubeba mbegu kutoka mlima mpaka mlima. Kima hujaza mashavu yake matunda, akaenda kando na kuzitema mbegu. Dundu huzika samadi, na pamoja nayo huzika mbegu, hata panya wasizione zote. Nyuki huchukua mavumbi ya maua kutoka ua moja mpaka jingine. Bila ya kazi hiyo maua mengi hayazai tunda. Chui naye hupunguza wanyama walao miche, wasije wakaimaliza.

Yako miti isiyomhitaji mchukuzi. Mmojawapo twaufahamu vizuri: limbali. Mbegu zake ni nzito, huanguka karibu na mama yake na kuota hapo hapo kivulini. Kwa hiyo katika mashariki ya nchi yetu ziko sehemu za msitu ambamo limbali imetawala karibu peke yake. Hapo twajifunza jambo kubwa. Wanyama wakimalizika, nchi haitakuwa jangwa kesho yake. Miti itakuwapo, lakini itabaki ile inayoweza kujipanda yenyewe. Miti ya matunda makubwa itapungua, na wote waliokula matunda hayo watapungua nayo, pamoja na sisi.

Msitu hudanganya macho

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Mtu hutazama miti mirefu, akasema, «Tembo wamekwisha zamani, na msitu ungaliko.» Kumbe mti mkubwa waweza kuishi miaka mia na zaidi. Mingi ya miti tunayoiona leo ilipandwa na tembo walioishi siku za Tippu Tip, au kabla yake. Wapandaji wamekwenda zao, shamba lao lingali limesimama. Jambo la kutazama siyo wazee wa msitu, bali watoto wake. Huko LuiKotale, kando ya mbuga ya Salonga, ambako tembo wamepungua sana, wataalamu walifanya uchunguzi na kutoa habari zake mwaka 2013. Waliona kwamba mingi ya miti inayomtegemea tembo ilikuwa na wazee, lakini miche michache mno ya kushika nafasi yao. Ni kama kijiji chenye mababu bila wajukuu. Ukipita haraka utasema kijiji ni kizima.

Tena tembo hazai upesi. Jike hubeba mimba karibu miezi 22, na huzaa mtoto mmoja tu, kisha hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Bunduki huua kwa saa moja kile ambacho msitu hukilea kwa miaka mingi. Mwaka 1989 mataifa yalipatana kukataza biashara ya pembe kati ya nchi na nchi, lakini wawindaji wa siri hawakuacha, na vita vya 1998 mpaka 2003 vilijaza bunduki katika pori letu. Mwaka 2021 tembo wa msitu aliandikwa katika orodha ya viumbe vilivyo karibu sana na kutoweka.

Yaliyobaki mikononi mwetu

Je, yote yamekwisha? La. Mwaka 2016 serikali ilianzisha Mbuga ya Lomami, karibu kilometa mraba 8,900, katika majimbo ya Maniema na Tshopo. Humo wangali wapo tembo, bonobo na okapi. Humo yumo pia kima aitwaye lesula. Wawindaji wa huko walimjua tangu zamani kwa jina hilo, lakini wataalamu walimwona mara ya kwanza mwaka 2007, amefugwa nyumbani huko Opala, na mwaka 2012 wakamtia katika vitabu vyao kama aina mpya. Katika karne hii yetu bado tulikuwa na jirani asiyeandikwa popote! Nani ajuaye anapanda mti gani?

Twajua vema kwamba baiskeli huja Kindu zimebeba nyama ya pori, na mwenye baiskeli ana watoto wa kulisha na ada ya shule ya kulipa. Si haki kumwita adui. Kumwambia tu «acha», bila ya samaki, kuku, mbuzi au kazi nyingine, ni maneno matupu. Lakini ni haki pia aelezwe ukweli huu: anayemaliza wanyama amekata msitu bila shoka, ila mti utaanguka wakati wa wajukuu wake.

Misafara ya zamani ilichukua pembe, ikatuachia makaburi. Hatukuulizwa. Safari hii tunaulizwa sisi. Basi wazazi, walimu na wazee, tusiwafundishe watoto majina ya Livingstone na Tippu Tip peke yake. Tuwapeleke porini pamoja na mzee anayeyajua matunda. Tuwaonyeshe mti wenye mbegu kubwa, halafu tuwaambie watafute miche yake. Wasipoiona, watafahamu wenyewe ni nani aliyekosekana.