Ng'ombe Walishaliwa: Vita vya Nyumbani na Afya ya Uzazi

Ikiwa uko Daraja Mbili unapanga ndizi zako sokoni, au uko nyumbani unanyonyesha mtoto, tega sikio. Leo tunazungumzia vita vya nyumbani, na jinsi vinavyoingia katika afya ya uzazi ya mwanamke. Ili tuelewe vizuri, tutarudi nyuma kidogo tuangalie tulikotoka.

Tuanze na swali. Binti yako aliyeolewa anafika kwako jioni, mtoto mgongoni, uso umevimba. Anasema hawezi kurudi. Je, mama, utamwambia nini?

Wengi wetu tumesikia jibu la wazee: "Rudi kwako, ng'ombe walishaliwa." Jibu hilo halikutoka hewani. Katika jamii ya Abagusii, ndoa ilikamilika kwa mahari ya ng'ombe na sherehe ya enyangi, na mke akavishwa ebitinge miguuni. Ng'ombe waliokuja kwa ajili ya msichana hawakukaa zizini. Mara nyingi ndio hao hao walioenda kumwolea kaka yake mke. Kwa hiyo dada akitoroka kwa mume, mume anadai ng'ombe wake. Baba hana. Kaka ameshaoa nao. Basi nyumba nzima inamwangalia yule dada: akikataa kurudi, ndoa ya kaka yake nayo inatikisika. Hakuna aliyemchukia. Lakini hesabu ya ng'ombe ilimrudisha.

Katika miaka ya 1940 mahari ilipanda sana hapa Gusii. Vijana wengi hawakuweza kulipa, na wazee wenye mali wakaoa wasichana wadogo. Wasichana wengine walitoroka na vijana waliowapenda. Kesi zikajaa katika mabaraza ya wazee yaliyoitwa ritongo. Ukizisikiliza kesi hizo, utaona kwamba swali kubwa lilikuwa ni nani ana haki ya kuwa na mwanamke huyu, na ng'ombe ni wa nani. Swali la mwili wake, kama ameumia au amelazimishwa, lilibaki nyuma.

Hata chumbani ilikuwa hivyo. Mtafiti Mmarekani Robert LeVine, aliyeishi Gusii katikati ya miaka ya 1950, aliandika kwamba usiku wa kwanza wa ndoa ulichukuliwa kama pambano. Bibi arusi alitarajiwa kukataa, naye bwana arusi alitarajiwa kumshinda kwa nguvu. Si kila nyumba iliishi kwa vita, na wako wanaume wengi waliowaheshimu wake zao. Lakini fundisho lilikuwa limepandwa: kwamba mke akisema hapana, hapana yake haihesabiwi.

Msikilizaji, usidhani mambo haya yalikuwa ya Gusii peke yake. Mwaka 1979 Bunge la Kenya lilijadili mswada wa ndoa. Baadhi ya wabunge waliupinga wakisema utamnyang'anya mwanamume haki ya kumrudi mkewe kwa kiboko. Mswada ukaanguka. Miaka minne baadaye, mwaka 1983, nchi nzima ilishtuka kusikia habari za Piah Njoki, aliyeng'olewa macho katika ugomvi wa nyumbani kwa sababu alizaa wasichana bila mvulana. Watu walilia naye, lakini sheria ya kumlinda mke ndani ya nyumba yake ilikuwa bado mbali.

Kisha UKIMWI ukaja, ukaonyesha lile lililofichwa chumbani. Mwaka 1999 serikali ilitangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa. Tulifundishwa tuwe waaminifu na tutumie mpira. Ushauri mzuri. Lakini mama anayepigwa atausemaje mbele ya mume? Akitaja mpira, anaulizwa amejifunza wapi. Akikataa tendo, analazimishwa. Na kwa kuwa mama ndiye aliyepimwa kwanza, kliniki ya wajawazito, wengi walirudi nyumbani na majibu wakaambiwa wao ndio walioleta ugonjwa.

Hapa ndipo vita vya nyumbani na afya ya uzazi vinapokutana. Tuvitaje kimoja kimoja:

Kwanza, tendo la nguvu huchubua na kupasua sehemu za siri. Palipo na mchubuko, virusi na magonjwa ya zinaa hupenya kwa urahisi.

Pili, mama mwenye hofu hawezi kupanga uzazi kwa uhuru. Wengine huficha kadi ya kliniki kwa jirani. Wengine hubeba mimba ambazo hawakuzipanga, moja baada ya nyingine.

Tatu, kumpiga mjamzito kunaweza kuleta kutokwa na damu, mimba kuharibika, au mtoto kuzaliwa kabla ya wakati akiwa na uzito mdogo.

Nne, mama huyo huchelewa kutafuta matibabu. Maumivu ya chini ya tumbo, usaha, kutokwa na uchafu: yote anayavumilia kwa sababu nauli na ruhusa viko mikononi mwa anayempiga.

Je, mambo yamebadilika? Ndiyo, polepole. Mwaka 2003 uchunguzi wa kitaifa wa afya uliwauliza wanawake kuhusu vita vya nyumbani kwa mara ya kwanza. Karibu nusu walisema wamewahi kupigwa tangu walipofika miaka 15. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulipata asilimia 34. Imepungua, lakini bado ni mwanamke mmoja katika kila watatu. Hesabu hiyo ukiipeleka kwenye safu ya akina mama wanaouza mboga Daraja Mbili, utajua ni wangapi.

Sheria nayo ilisogea kwa hatua. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, iliyoletwa bungeni na Njoki Ndung'u, ilileta adhabu kali kwa wabakaji, lakini ilipopitishwa iliwaacha nje mume na mke walio katika ndoa halali. Katiba ya 2010 ikasema kila mtu ana haki ya kutotendewa ukatili, uwe wa serikali au wa mtu binafsi, na kwamba mume na mke wana haki sawa ndani ya ndoa. Mwaka 2015 ikaja Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani. Hiyo inataja wazi ukatili wa kingono ndani ya ndoa, na inaruhusu mahakama kutoa amri ya kumlinda anayeumizwa. Cheti cha ndoa si kibali cha kuumiza. Mahari pia si kibali.

Sasa turudi kwa binti yako aliye mlangoni. Mwingize ndani. Usimuulize alikosea nini. Ikiwa amelazimishwa tendo la ndoa, saa zinahesabika. Mpeleke hospitali mapema, kabla ya saa 72 kuisha, ili daktari aone kama anahitaji dawa za PEP za kuzuia virusi vya UKIMWI. Dawa hizo humezwa kwa siku 28 bila kukatiza. Tembe za dharura za kuzuia mimba husaidia hadi siku 5, lakini kadiri anavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi vizuri. Ikiwezekana asioge kwanza, na nguo alizovaa aziweke kwenye mfuko wa karatasi. Atibiwe kwanza, fomu ya P3 ya polisi inaweza kufuata. Na akiwa mjamzito, apimwe hata kama haoni damu.

Akihitaji ushauri, namba 1195 hupigwa bila malipo. Kwa mtoto, namba ni 116.

Na ukiamua kukaa na wazee mjadili mambo ya mahari, kaeni. Lakini mjadili baada ya binti kutibiwa, naye akiwa salama, na neno lake lisikike barazani. Bibi zetu hawakupewa nafasi hiyo pale ritongo. Ng'ombe walishaliwa, ni kweli. Binti yako yuko hai, na amekuja kwako.

Msikilizaji, tuishie hapo kwa leo. Mwambie na jirani yako. Hadi tukutane tena, uwe na afya njema.