Kinywaji chenye protini nyingi bila unga wa kopo

Msikilizaji wetu mmoja alituma ujumbe akiuliza kama auze madebe mawili ya mahindi ili anunue kopo la unga wa protini. Baba yake ametoka hospitali baada ya kuumwa muda mrefu. Amekonda, anachoka upesi na kutafuna kunamshinda. Kijana mmoja wa hapo mtaani anayenyanyua vyuma aliwaambia kuwa bila kopo mzee hatarudi mwili wake. Tulimjibu hewani kwa ufupi kwamba mahindi asiyauze kwanza. Hapa tunaeleza kwa nini, na nini afanye badala yake.

Tuanze na kilichomo ndani ya kopo. Mengi hutengenezwa kwa maji yanayobaki maziwa yanapogandishwa kuwa jibini. Maji hayo huchujwa na kukaushwa mpaka yawe unga, kisha hutiwa utamu na ladha. Mengine hutengenezwa kwa soya. Kwa hiyo aliyenunua kopo amenunua maziwa au soya iliyokaushwa, si dawa. Kipimo kimoja kwa kawaida hutoa gramu 20 hadi 25 za protini, na kiasi hicho kinapatikana nyumbani kwa kinu na mchi.

Mtu mzima mwenye afya anahitaji takriban gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji karibu gramu 50. Mzee, mjamzito, anayenyonyesha na anayepona ugonjwa huhitaji zaidi ya hapo.

Matunda si protini

Hapa ndipo wengi hukosea. Kinywaji kizito wanachokiita smuthi mijini mara nyingi ni matunda matupu. Embe na papai ni vitamu na vina vitamini, lakini katika gramu 100 za tunda hupati hata gramu moja ya protini. Ndizi mbivu ina gramu moja tu. Parachichi lina mbili, na nguvu yake hasa ni mafuta. Unga wa ubuyu ni mzuri kwa mambo mengine, ila kwa hili hausaidii sana.

Na mlonge? Tunajua utauliza. Ni kweli kwamba karibu robo ya uzito wa majani yake makavu ni protini. Lakini nani anakunywa gramu 100 za unga wa mlonge? Kijiko cha chai ni kama gramu mbili, yaani nusu gramu ya protini. Endelea kuutumia kama mboga, ila usiutegemee ujenge mwili peke yake.

Vinavyobeba protini ni mbegu, maziwa na mayai. Gramu 100 za karanga zina protini gramu 25 hivi, na soya kavu ina kama 36. Mbegu za maboga zilizomenywa zinakaribia 30, ufuta una kama 17. Robo lita ya maziwa ya ng'ombe ina gramu 8, na yai moja lina 6.

Karanga, mtindi na ndizi

Hiki ndicho tulichomwelekeza msikilizaji wetu. Kaanga karanga kwa moto mdogo, zisiungue, zipoe, zifikiche na kupepeta maganda kwa ungo. Twanga kwenye kinu bila kuongeza maji. Mwanzoni utapata unga, lakini usiache: endelea mpaka karanga zitoe mafuta yake na kuwa laini kabisa. Chukua vijiko vitatu vya mezani vya siagi hiyo, ponda ndizi moja iliyoiva sana, kisha changanya na kikombe cha robo lita cha mtindi.

Mtindi tia kidogo kwanza, koroga mpaka siagi ilainike, halafu ndipo umimine uliobaki. Ukimimina wote kwa mara moja utabaki na madonge ambayo hayavunjiki. Blenda si lazima. Upekecho ule wa mlenda unafanya kazi vizuri, au tia kwenye chupa safi yenye kifuniko na utikise. Hapo umepata takriban gramu 20 za protini. Kwa mzee asiye na hamu ya kula, mgawie nusu asubuhi na nusu jioni, lakini kila mara tengeneza kipya. Pasipo jokofu, kinywaji cha namna hii kinywewe ndani ya saa moja au mbili.

Tumetaja mtindi kwa sababu watu wengi ambao maziwa mabichi huwajaza gesi tumboni huuvumilia vizuri zaidi. Chemsha maziwa yatokote, yaache yawe vuguvugu, tia vijiko viwili vya mtindi wa zamani, funika mpaka asubuhi. Kuchemsha si jambo la hiari. Maziwa ambayo hayakuchemshwa yanaweza kubeba brusela na kifua kikuu cha ng'ombe.

Kama nyumbani hakuna ng'ombe, tumia uji wa ulezi. Uji mtupu una protini kidogo, gramu mbili tatu kwa kikombe, lakini vijiko vitatu vya siagi ya karanga vinaufikisha kwenye 13 hivi. Ukipiga yai kwenye bakuli na kulimimina katika uji unaochemka huku ukikoroga kwa nguvu, unaongeza gramu 6 nyingine. Acha uchemke dakika chache zaidi. Wapo wanaovunja yai bichi kwenye glasi ya maziwa wakidhani ndipo lina nguvu. Ni kinyume chake: mwili hupata protini nyingi zaidi kwenye yai lililoiva, na bichi linaweza kuleta vijidudu vya kuharisha.

Soya ina masharti yake

Soya ndiyo yenye protini nyingi kuliko zote tulizotaja, na ndiyo inayoharibiwa zaidi jikoni. Ikiwa mbichi ina kemikali zinazozuia tumbo lisisage protini. Unakunywa, na mwili haupati. Wanaosaga soya mbichi pamoja na mahindi, mtama na ulezi, kisha wakapika uji dakika kumi, wamepoteza soya yao. Na kwa kweli hatuoni faida ya kurundika nafaka tano kwenye mfuko mmoja. Nafaka moja na jamii moja ya kunde au karanga inatosha, kwa sababu kinachopungua kwenye mahindi kinapatikana kwenye kunde, na kinachopungua kwenye kunde kipo kwenye nafaka.

Ili upate maziwa ya soya, loweka kikombe kimoja usiku kucha, fikicha uondoe maganda, twanga au saga, changanya na vikombe sita vya maji na uchuje kwa kitambaa safi. Kisha chemsha nusu saa ukikoroga, maana hufura na kumwagika haraka. Protini yake itakaribia ile ya maziwa ya ng'ombe. Makapi usiyatupe, yapike na mboga.

Karanga usizozitumia

Kuna hatari moja ambayo kukaanga hakuiondoi. Karanga na mahindi yaliyovunwa au kuhifadhiwa na unyevu huota ukungu wenye sumukuvu. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua zaidi ya watu 100 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara. Chambua karanga moja moja kabla ya kuziweka motoni. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu au uchungu zitupwe, na usiwape kuku wala ng'ombe, kwani sumu inaweza kurudi kwako kupitia mayai na maziwa. Karanga za bei ya chini zilizokwisha kusagwa hutajua zilikuwaje, ndiyo maana tunahimiza utwange mwenyewe.

Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kabla ya kuongeza protini yoyote. Aliyewahi kuvimba midomo au kuwashwa mwili baada ya kula karanga asizitumie kabisa. Mtoto wa chini ya miezi sita anyonye tu. Baada ya hapo karanga zilizosagwa laini zinaweza kuingia kwenye uji wake, ila karanga nzima zinaweza kumpalia.

Tulimwambia pia msikilizaji wetu ampime baba yake uzito kila wiki, hata kwa mizani ya kupimia mazao, siku ileile na nguo zilezile. Uzito ukizidi kushuka, au kikohozi, homa au kuharisha kukirudi, arudi hospitali. Mtoto aliyevimba miguu, au ambaye utepe wa kupimia mkono unaonyesha nyekundu, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Huko kuna chakula maalumu cha matibabu, na vinywaji hivi haviwezi kuchukua nafasi yake.