Gitaa Lipate Kusikika: Historia ya Kijisanduku cha Sauti ya Kati

Nyinyi mlio na karatasi hii mkononi, fuateni maneno kwa macho ninaposoma. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: transista, kapasita, lehemu. Tutayahitaji.

Kwanza nawauliza swali. Mmepata kuhudhuria ngoma ya pwani yenye zumari? Ngoma ni nyingi, nazo zinapigwa kwa nguvu. Zumari ni moja tu, tena ndogo. Mbona basi tunaisikia? Tunaisikia kwa sababu sauti yake ina mahali pake. Ngoma zinanguruma chini, zumari inalia juu yake, wala haigombani nazo. Shikeni jambo hilo, maana somo letu la leo limejengwa juu yake.

Zamani gitaa halikuwa na bahati ya zumari. Katika bendi za dansi za Marekani, miaka ya 1920, tarumbeta na ngoma zililifunika kabisa. Mpigaji alitoka jasho usiku kucha, na wachezaji hawakujua kama yupo. Mwaka 1931 mwanamuziki mmoja, George Beauchamp, alitafuta dawa ya shida hiyo. Alitengeneza chombo cha sumaku na waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi. Uzi wa gitaa ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo huzaliwa katika waya. Umeme huo hupelekwa kwenye amplifaya, yaani mtambo wa kukuza sauti. Mwaka 1932 gitaa hilo la umeme lilianza kuuzwa. Lilikuwa la alumini, na kwa umbo lake watu wakaliita kikaango.

Basi shida ikaisha? La. Gitaa lilipata nguvu, lakini wenzake nao wakapata nguvu. Gitaa la besi likaingizwa umeme, nalo likajaza sauti nene za chini. Matoazi ya ngoma yakajaza sauti nyembamba za juu. Mpigaji akiongeza sauti, wenzake nao huongeza. Mwisho ni kelele tu, na gitaa limepotea ndani yake.

Hapo ndipo tunapofika kwenye sauti ya kati. Fikirini simu ya zamani ya waya. Simu hiyo haikupitisha sauti zote. Ilipitisha zile za mitikisiko kama 300 mpaka 3,400 kwa sekunde tu. Hata hivyo, ndugu yako akisema "Haloo", ulimjua mara moja. Sababu ni kwamba maneno ya mtu hueleweka zaidi kwa sauti za katikati. Gitaa nalo ni hivyo hivyo. Ukilipa nguvu katikati, linasikika kama mtu anayesema, hata bila kuongeza kelele nyingi.

Sasa twende London, Uingereza, katikati ya miaka ya 1960. Kampuni ya Dallas iliuza kijisanduku cha chuma kilichoitwa Rangemaster. Hakikukaa chini mguuni. Kiliwekwa juu ya amplifaya. Ukikifungua, unashangaa kwa uchache wa vitu: transista 1, rezista na kapasita chache, kitufe 1 cha kuzungusha, swichi, na betri ya volti 9. Transista yenyewe, aina ya OC44, ilikusudiwa kutumika ndani ya redio. Kwa hiyo fundi wa redio aliyekitazama aliona vitu anavyovijua.

Kazi yake ilikuwaje? Transista hupokea umeme mdogo wa gitaa na kuutoa ukiwa mkubwa. Kapasita iliyo mlangoni ni kama chekeche la unga. Hupitisha sauti nyembamba kwa urahisi na kuzuia nene. Kadiri kapasita ilivyo ndogo, ndivyo inavyozuia zaidi. Kapasita ya mlangoni ya Rangemaster ilikuwa ndogo sana, ya maikrofaradi 0.005. Kwa hiyo kilichokuzwa zaidi ni sauti za juu.

Watu waliojitengenezea nyumbani waligundua jambo rahisi. Ukitoa kapasita hiyo na kutia ya 0.01, iliyo kubwa mara mbili, mpaka wa sauti zinazozuiwa unashuka nusu. Sauti za kati nazo zinaingia na kukuzwa. Kisha unaweza kuongeza kapasita nyingine upande wa kutokea, na mguu wake mmoja kuunganishwa na waya wa ardhi. Hiyo ni kama mfereji: huziondoa sauti nyembamba mno zinazochoma masikio. Nene zimezuiwa mlangoni, nyembamba zimetolewa kwa mfereji. Kilichobaki ni sauti ya kati. Hicho ndicho kijisanduku cha kukuza sauti ya kati.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Ibanez ya Japani ilitoa kijisanduku cha mguuni kiitwacho Tube Screamer. Mpango wake ni mwingine, lakini nacho hupunguza nene na nyembamba na kuiacha katikati ikiwa imesimama. Mpigaji maarufu wa Texas, Stevie Ray Vaughan, alikitumia sana. Mwaka 1988 kampuni ya Fender iliuza gitaa la jina la Eric Clapton, lenye kikuza sauti ya kati kilichofichwa ndani yake pamoja na betri yake.

Lakini msidhani historia hii ni ya makampuni tu. Mwaka 1963 kijana wa Kiingereza, Brian May, alitaka gitaa la umeme, wala hakuwa na fedha za kulinunua. Yeye na baba yake, aliyekuwa fundi wa mambo ya umeme, wakalitengeneza wenyewe. Shingo walichonga kwa mbao za meko ya zamani. Springi walitoa kwenye pikipiki kuukuu. Kazi iliwachukua kama miaka miwili. Mwaka 1970 May alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa bendi ya Queen. Mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946. Katika miaka ya mwanzo May alipitisha sauti ya gitaa lake katika Rangemaster.

Mwenzao John Deacon, mpigaji wa besi, siku moja aliokota kipande cha mtambo katika takataka za London. Kilikuwa cha redio ndogo iliyotengenezwa kusini mwa Afrika. Akakitia ndani ya sanduku la spika, akakiunganisha na betri ya volti 9, kikawa amplifaya. May aliitumia kurekodi, akipanga sauti moja juu ya nyingine mpaka gitaa likawa kama kundi zima la wapigaji. Redio iliyotupwa ikapata kusikika duniani kote.

Wenye nia ya kujaribu, sikilizeni. Lehemu ni madini laini yanayoyeyushwa ili kushikanisha waya. Kiungo kizuri hung'aa. Kilichofifia huenda hakikushika, nacho huleta mkwaruzo. Tumieni kijisanduku cha chuma kilichounganishwa na waya wa ardhi, kwani huzuia mngurumo. Transista nyingi za zamani, kama OC44, hutaka upande wa chanya wa betri uunganishwe na ardhi, kinyume cha mazoea ya leo. Betri ya volti 9 haitakudhuru. Lakini usifungue amplifaya ya valvu. Ndani yake mna umeme wa mamia ya volti, nao hubaki hata baada ya kuzimwa. Umeme huo huua.

Basi, ndugu zangu, wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Gitaa halikuokolewa kwa kuvuma. Liliokolewa na watu waliouliza: mahali pangu ni wapi katika bendi hii? Jibu walilipata kwa vipande vichache vya redio.

Maswali ya kujadiliana darasani
1. Kwa nini zumari husikika katikati ya ngoma nyingi?
2. Kapasita ya mlangoni hufanya kazi gani?
3. Ni kitu gani cha Rangemaster kilibadilishwa ili sauti za kati nazo zikuzwe?
4. Je, nyumbani kwako kuna kitu kilichotupwa kinachoweza kutengenezwa tena? Andika sentensi tatu.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.