Jembe la Zamu

Ndugu msomaji, ukisikia neno "msaada" ni picha gani inakujia kichwani? Nadhani ni foleni. Akina mama wamekaa kivulini, kila mmoja ana kitambulisho chake kwenye pindo la kanga, na mbele yao kuna meza, daftari na afisa. Anayetoa yuko upande mmoja wa meza, anayepokea yuko upande wa pili, na sisi historia ya msaada tunaisoma tukiwa tumekaa upande wa mwenye daftari. Nani alileta fedha, mwaka gani, shilingi ngapi. Basi.

Mimi ni kijana wa Kwakoa. Nimemaliza sekondari, kazi ya kuajiriwa sina, mchana nabangaiza na usiku naandika riwaya ambayo bado haijapata mwisho. Kwa kuwa riwaya yenyewe inahusu watu wa upande wa pili wa meza, imenibidi niisome historia hii kwa kuigeuza. Nikajiuliza: hawa wanaopokea, mbinu za kujikwamua walijifunza wapi? Nani aliwafundisha? Jibu nililolipata ni kwamba mambo yaliyodumu ni yale ambayo mnyonge alifundishwa na mnyonge mwenzake. Lakini jibu hilo lina mwiba ndani yake, nao sitauficha.

Tuanze nyumbani. Kwakoa ni kata ya tambarare katika Wilaya ya Mwanga, chini ya milima ya Upare Kaskazini. Kule juu, Usangi na Ugweno, kuna migomba na ukungu. Huku chini kuna vumbi na miiba. Mvua huishia mlimani, sisi tunaletewa upepo wake. Mahali pa namna hii mtu hawezi kuishi kwa jembe lake peke yake, na ndiyo maana Wapare, wa juu kwa wa chini, wana kitu kinachoitwa msaragambo.

Msaragambo ni kazi ya wote. Mfereji umeziba, barabara imekatika, darasa halina ukuta: watu wanaitwa, kila kaya inatoa mtu na jembe. Halipwi mtu. Asiyekuja bila sababu anatozwa faini. Wengi wanaoandika kuhusu msaragambo wanausifia jasho tu, wanasahau kwamba ni shule pia. Mimi mara yangu ya kwanza niliwekwa kati ya wazee wawili. Mmoja alinisahihisha namna ya kushika jembe, wa pili akanionyesha maji yatapita wapi siku yakija. Hakuna aliyeniambia "leo tunakupa semina", lakini nilitoka pale ninajua.

Ukitaka kuona shule hiyo ilivyo na akili, shuka Same, Upare Kusini, hadi kijiji cha Bangalala. Kule kuna ndiva, yaani bwawa dogo la jadi la kumwagilia, na mojawapo inaitwa Manoo. Maji ya kijito yanakusanywa usiku, asubuhi yanafunguliwa kwenye mifereji, na wakulima wanayatumia kwa zamu. Kamati ndiyo inayopanga zamu, na kazi ya kuzoa tope ni ya wote wanaotumia maji. Wahandisi wa vyuo vikuu wamekwenda kuichunguza ndiva hiyo na kuiandikia vitabu. Waliowafundisha wenye ndiva ni baba zao na majirani zao.

Sasa, kazi si zote zina shule ndani yake. Ipo kazi ya kuitwa na jirani, na ipo kazi ya kusukumwa na dola. Wapare wanaijua tofauti hiyo vizuri. Wakati wa Waingereza ililetwa kodi mpya iliyopewa jina la jadi, mbiru, kila mtu akikadiriwa mali yake. Mwaka 1945 watu waliteremka kwa maelfu kutoka milimani hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa kupinga. Baadaye kodi ile ikafutwa. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria wa kwetu Upare, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo mwaka 1971. Jina la jadi halikuwadanganya wazee wetu. Walijua kwamba jambo linakuwa la jadi pale wanapokubaliana wenyewe.

Hata baada ya uhuru kosa hilo lilirudi kwa sura nyingine. Wewe kijana wa mjini muulize baba yako kuhusu Nguvukazi. Mwaka 1983 ilitungwa sheria ya kumtaka kila mwenye nguvu awe na kazi, na Dar es Salaam watu wakawa wanakamatwa mitaani kwa uzururaji na kupelekwa vijijini wakalime. Nia ilisemwa ni njema: kila mtu ale jasho lake. Lakini unampakia mtu kwenye lori, unamshusha mahali asipomjua mtu, nani atamwonyesha maji yanapita wapi? Wengi walirudi mjini. Ile ilikuwa kazi isiyo na mwalimu wala jirani.

Kuanzia hapa, ndugu msomaji, inabidi tuvuke bahari kidogo, maana swali la msaada na kazi halikuwa letu peke yetu. Marekani mwaka 1996 ilibadili sheria yake, ikamtaka mzazi maskini anayelipwa posho ya serikali atafute kazi, tena posho yenyewe ikawekewa ukomo wa miaka. Mexico mwaka 1997 ikashika njia nyingine: kaya maskini zipewe fedha taslimu, sharti watoto wasome na waende kliniki. Brazil nayo ilikuwa imeshaanza mipango ya aina hiyo katika baadhi ya miji, na mwaka 2003 ikaiunganisha kuwa mpango mmoja wa taifa, Bolsa Família. Ethiopia mwaka 2005 ikaanzisha mpango mkubwa wa kuwalipa maskini kwa kazi za umma: makinga maji, barabara, miti. Maofisa wa nchi hizi wakawa wanatembeleana, wanaulizana, wanaonyana. Kumbe hata serikali zina msaragambo wao!

Tanzania ilikaa katika mkutano huo kama mwanafunzi mwenye daftari nene. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulianzishwa mwaka 2000, na mwanzoni ulijulikana zaidi kwa madarasa na zahanati. Mwaka 2010 ukaanza majaribio ya kuzipa kaya maskini fedha katika vijiji 40 vya Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Hapo TASAF iliongeza kitu chake: kamati zilizochaguliwa na wanakijiji wenyewe ndizo zilizoshika uendeshaji. Watafiti walipolinganisha vijiji hivyo na vingine 40 ambavyo havikupata, waliona kaya zilizopata zimejiunga zaidi na bima ya afya, na watoto wao wamenunuliwa viatu. Viatu, jamani. Mimi kama mwandishi wa riwaya nasema hapo pana sura nzima ya kitabu.

Kutokana na majaribio hayo ukaja Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, na kufikia mwaka 2015 ulikuwa umezifikia kaya zaidi ya milioni moja nchi nzima. Ndani yake mlikuwa na kitu kilichoitwa ajira za muda. Wakati wa msimu wa njaa, kaya maskini yenye mtu wa kufanya kazi ilipewa siku 60 kwa mwaka, na ujira katika awamu ile ulikuwa shilingi 2,300 kwa siku. Watu walichimba malambo, walitengeneza barabara, walipanda miti. Februari 2020 awamu ya pili ilizinduliwa, nayo ikasisitiza zaidi kazi na uzalishaji.

Haya, hapo ndipo jembe la kulipwa lilipokutana na jembe la zamu. Fikiria lambo moja. Mwaka jana lilichimbwa kwa msaragambo, bure. Mwaka huu kuna mwenzako analipwa kulichimba. Mwakani likijaa tope, nani atakuja bure? Swali hili si la kubeza, na si la Kwakoa tu. Linaulizwa kila penye kazi za namna hii. Wapo wanaosema fedha imeua moyo wa kujitolea. Mimi nasema taratibu kwanza. Tumtazame huyo anayelipwa. Ni mama mjane, shamba lake la mahindi limekauka. Kwenye msaragambo wa zamani alikuja akiwa na njaa, na asipokuja alitozwa faini. Kumwambia leo aendelee kutoa nguvu bure ili sisi tuitunze mila, huo ni uungwana gani?

Na huo ndio mwiba niliokuahidi. Ujirani unafundisha, lakini pia una mlango, na mlango una kiingilio. Turudi kwenye maji ya Same. Mto ule ule unaonywesha ndiva za juu na za Bangalala unaelekea Makanya, kijiji kilicho chini kabisa. Wa juu wana zamu, wa kati wana zamu; Makanya wanategemea zaidi mafuriko, siku mvua kubwa ikinyesha. Zamu ni haki kwa walio ndani ya zamu. Aliye nje yake anaisikia kama hadithi.

Vikundi vya akiba navyo ni hivyo hivyo. Mwaka 1991 huko Maradi, nchini Niger, shirika la CARE na wanawake wa vijijini waliuchukua upatu wao wa kienyeji, wakauongezea mikopo na kanuni za kuitunza fedha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mbinu hiyo ilifika Zanzibar, na huku bara tukapata VICOBA. Unavijua: kukutana kila wiki, hisa, mfuko wa jamii wa kuzikana na kuuguzana, sanduku la kufuli tatu, na funguo kwa watu watatu ili asipatikane mjanja mmoja. Zanzibar mradi ulipomaliza muda wake vikundi havikufa. Viliongezeka, wanachama wa zamani wakiwafundisha wapya. Mwaka 2018 sheria ya huduma ndogo za fedha ikavitambua rasmi. Huo ni ujuzi uliotembea kutoka jangwani hadi baharini, na sehemu kubwa ya safari ulibebwa na akina mama ambao majina yao hayamo kitabuni.

Lakini mwulize mama asiye na hata fedha ya hisa moja. Yeye anakiona kikundi kinakutana chini ya mti, anakipita na ndoo yake kichwani. Majirani hawamchukii, ila hana kiingilio. Hapo ndipo ninapoiona kazi halisi ya ruzuku ya serikali. Fedha ile ni ndogo mno kumtajirisha mtu, ila inatosha kununua hisa. Inamtoa mtu nje ya zamu na kumweka ndani yake, na akishakuwa ndani, wenzake watamfundisha yaliyobaki. TASAF yenyewe ililijua hilo, ndiyo maana walengwa wake wakahimizwa kuunda vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana. Serikali peke yake inaleta foleni. Majirani peke yao wanaacha watu nje ya mlango. Vikikutana, mtu anasimama.

Na sisi vijana je? Tunapenda kusema mambo haya ni ya bibi zetu. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 ni ya vijana. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya kasoro nyingi kuonekana, ikarejeshwa mwaka 2024. Njia ya vijana kuifikia ni kikundi. Sasa kikundi cha watu waliokutana jana kijiweni kwa ajili ya kujaza fomu, kikipata fedha leo, kesho kutwa wanazozana na keshokutwa yake hawasalimiani. Hatukosi elimu ya shule. Vyeti tunavyo kabatini. Tulichokosa ni kuwekwa katikati ya wawili wanaojua.

Kwa hiyo nina ombi kwa wenzangu mnaoshika kalamu. Kila mtaa wenu, Manzese, Ngarenaro, Majengo, una mama mmoja anayeshika ufunguo wa sanduku. Mwendeeni na daftari, mkae upande wake wa meza. Mwulizeni alifundishwa na nani kuhesabu hisa, na yeye amemfundisha nani, na nani aliachwa nje na kwa nini. Andikeni majibu kama yalivyo, pamoja na ugomvi wake. Shimoni kwetu lambo linajaa tope kila mwaka, na kila mwaka anatafutwa anayekumbuka maji yalipita wapi.