Vidonge Kwenye Mkebe wa Majani

Habaryar wangu, yaani mama mdogo, alikuwa akificha vidonge vyake kwenye mkebe wa majani ya chai. Mume wake hakuwa mtu wa jikoni, kwa hiyo pale palikuwa salama kuliko benki. Safu tatu za vidonge vyeupe, safu moja ya kahawia. Baada ya miezi minne akaviacha. Jirani wa hapo Garissa alikuwa amemwambia vinarundikana tumboni kama mawe, na siku moja mji wa mimba utaziba kabisa. Mwaka uliofuata akajifungua mtoto wa sita kwa upasuaji, nasi tukakesha tukitafuta watu wa kumtolea damu. Alipona.

Nilikuwa na miaka kumi na tano na nilimwona yule jirani mjinga. Siku hizi simwoni hivyo.

Tuanze na mwili. (Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hiyo usinichukue kama daktari.) Kila mwezi tezi ndogo iliyo chini ya ubongo hutuma homoni kwenye ovari: komaza yai, sasa liachilie. Yai likishatoka, ovari hutoa projesteroni, na ubongo ukiinusa kwenye damu hutulia, hautumi amri nyingine. Kidonge cha kawaida kina homoni mbili za kutengenezwa, zinazoiga istrojeni na projesteroni. Ubongo unadanganyika: unadhani kazi imekwisha, kumbe haijaanza. Yai halitoki. Isitoshe, ute wa mlango wa kizazi unakuwa mzito, mbegu za mwanamume hazipenyi. Basi. Hakuna kinachorundikana. Kidonge husagwa tumboni kama chakula, homoni huvunjwavunjwa na ini, na ndiyo maana unatakiwa kumeza kila siku. Ukiacha, ubongo unaamka, na wengi hurudi kushika mimba ndani ya miezi michache.

Sindano ya miezi mitatu ni hadithi nyingine. Hiyo kweli inaweza kuchelewesha mimba kwa miezi mingi baada ya kuacha, hata karibu mwaka. Nadhani uvumi wa jirani ulizaliwa hapo: mtu aliona dada yake amekaa bila mimba, na lawama ikabebeshwa kila kitu kilichotoka kwenye kliniki.

Na si ati watu wa kliniki wana historia safi. Kidonge kilijaribiwa kwa wingi Puerto Rico kuanzia 1956, kwa wanawake maskini ambao hawakuambiwa kwamba wao ndio jaribio. Dozi ilikuwa kubwa mno kuliko ya leo. Daktari aliyesimamia kazi hiyo, Edris Rice-Wray, aliripoti kwamba kidonge kinazuia mimba sawasawa lakini wanawake wanatapika, wanapata kizunguzungu na kuumwa kichwa. Gregory Pincus, mwanasayansi mkuu wa mradi, aliona mengi ya hayo ni ya kichwani tu. Mwaka 1960 Marekani ikakiidhinisha.

Sasa rudi kwetu. Mwaka 1967 Kenya ilizindua mpango wa taifa wa uzazi, wa kwanza Afrika kusini mwa Sahara. Mwaka huohuo Vita vya Shifta vilikuwa vinaisha. Tangu Desemba 1963 Kaskazini Mashariki ilikuwa chini ya hali ya hatari, watu wamekusanywa kwenye vijiji vya kulindwa, mifugo imeteketea. Serikali iliyokuwa ikiwaambia wanawake wa Nyeri wapange uzazi ndiyo iliyokuwa ikituhesabu kama maadui. Hali ya hatari haikuondolewa hadi 1991. Katikati hapo kuna Novemba 1980, Bulla Kartasi ilipochomwa hapa Garissa, na Februari 1984, Wagalla. Halafu mtu wa serikali aje na kidonge cha kupunguza watoto wenu. Wewe ungemeza?

Hata tafiti za taifa za uzazi na afya, za 1989, 1993 na 1998, hazikufika huku. Tulihesabiwa kwa mara ya kwanza 2003. Katika utafiti wa 2022, asilimia 57 ya wanawake walioolewa nchini walikuwa wakitumia njia ya kisasa. Garissa 11. Wajir 3. Mandera 2.

Watu wa Nairobi wakiona namba hizo husema dini. Haraka sana. Masahaba walifanya azl, kumwaga nje, na Ghazali aliijadili kinaganaga miaka mia tisa iliyopita na akairuhusu. Kisomali tuna neno, kala korinta, kuachanisha watoto, na mtu halisemi kwa kunong'ona. Kinachonong'onwa ni vidonge vyenyewe: vimetoka wapi, na vimeletwa na nani.

Mwezi uliopita habaryar alinipigia simu. Binti yake ameolewa na anataka kusubiri. Akaniuliza kama atazaa tena akiacha. Nikamweleza kuhusu ubongo na yai, na kwamba kwanza apimwe presha, maana kidonge hiki hakimfai kila mtu, na akija kunyonyesha kuna cha aina yake. Akasikiliza yote. Kisha akauliza vile vya kahawia vilikuwa vya nini, maana yeye alikuwa akivitupa.

"Vile havina homoni," nikamwambia. "Ni madini ya chuma, ya kuongeza damu."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema ana maziwa jikoni, atanipigia.